Siku tano za kunyonga baiskeli: La Rochelle na kisiwa cha Ré

Daftari la safari hii lina madoa mawili, moja la mchuzi wa kome na jingine la mafuta ya mnyororo. Nimelipitia tena pamoja na picha za simu, kwa sababu tangu nirudi Tanga wiki tatu zilizopita kila ninayekutana naye sokoni ana swali lile lile: mwalimu mzima wa miaka hamsini na minne amekwenda Ufaransa kupanda baiskeli? Ndiyo, nimekwenda. Mtoto wa Tanga haogopi baiskeli, hata kama mara ya mwisho kuinyonga ilikuwa kabla simu za mkononi hazijafika mjini.

Binti wa kaka yangu anafanya kazi Nantes. Aliniahidi mapumziko ya watu wazima: hakuna mlima, hakuna siku ya kupita kilomita thelathini na tano, na kila usiku kitanda, si hema. Akachagua kisiwa cha Ré, mbele ya mji wa La Rochelle, pwani ya Atlantiki. Ahadi mbili alizitimiza. Ya kilomita nitaieleza mbele.

Jumatatu, Juni 16. Nantes hadi La Rochelle, kwa treni

Treni ilikuwa iondoke saa tatu asubuhi, ikaondoka saa nne kasoro kumi. Watu walisimama wakitazama ubao wa matangazo kama wavuvi wanavyotazama wingu. Nauli yetu wawili euro 54. Njia nzima ni mashamba na ng'ombe, nililala.

Euro moja ni kama shilingi elfu tatu. Zidisha siku ya kwanza, halafu acha kuzidisha, la sivyo hutakunywa hata kahawa. Viza ya Schengen nayo ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na hazirudi hata ukinyimwa.

Kutoka stesheni tulitembea na mabegi mpaka bandari ya zamani. Minara miwili ya mawe inalinda mlango wake, Saint-Nicolas huku na La Chaîne kule. Zamani usiku walivuta mnyororo kati yake, meli isiingie wala kutoka. Ndani ya mlango huo sasa ni mashua za matanga na watu wanaokula aiskrimu.

La Rochelle ilianza mambo ya baiskeli mapema. Miaka ya 1970 manispaa iliweka baiskeli za manjano mitaani, mtu achukue na kurudisha. Sisi tulikwenda duka la kukodisha. Kijana wa pale alitusikia tukibishana kuhusu urefu wa siti, akauliza kwa Kifaransa lugha hiyo ni ya wapi. Kumbe yeye Mngazija wa Komoro, anasoma chuo pale pale. Kiswahili hajui, nami Kingazija sijui, lakini tukaanza kupimana maneno: mimi nasema mkate wa sinia, yeye anasema mkatre wa siniya, mpaka waliokuwa nyuma yetu wakaanza kukohoa. Akatuongezea kufuli ya pili bila malipo, akanishushia siti mpaka miguu yote miwili ikagusa chini.

Baiskeli ya kawaida yenye gia saba, euro 62 kwa siku tano. Ya umeme ilikuwa zaidi ya mara mbili.

"Shangazi, chukua ya umeme."

"Mimi nimekulia juu ya Phoenix, mwanangu."

Weka maneno hayo akiba, tutayarudia kesho yake juu ya daraja.

Alasiri tuliingia Makumbusho ya Dunia Mpya, yaliyomo katika jumba la familia ya Fleuriau, waliotajirika kwa mashamba ya Saint-Domingue, yaani Haiti ya leo. Mji huu wa mawe meupe, unaopendeza kila upande unaogeuza shingo, ulikuwa miongoni mwa bandari kubwa za Ufaransa za biashara ya watumwa. Uani amesimama, kwa shaba, Toussaint Louverture, kiongozi wa mapinduzi ya watumwa wa Haiti, kazi ya Ousmane Sow wa Senegal, aliyewekwa hapo mwaka 2015. Meli za La Rochelle zilibeba zaidi watu wa Afrika Magharibi. Wa kwetu walichukuliwa na Wafaransa wengine kupelekwa Morisi na Reunion. Mkataba wa 1776 baina ya Morice, mfanyabiashara Mfaransa, na sultani wa Kilwa ulitaja watu elfu moja kila mwaka. Nimeufundisha mkataba huo miaka ishirini na mitano, nikiuandika ubaoni kama tarehe ya mtihani. Uani pale niliketi kwenye ngazi. Binti akaniletea maji, akaketi naye, hatukuongea mpaka mlinzi alipokuja kufunga.

Jioni ilikataa kuja. Saa mbili usiku jua bado lilikuwa kama la saa kumi. Maghrib iliingia karibu saa nne usiku, na nilikuwa nimekwisha kusinzia mara mbili juu ya msala.

Jumanne, Juni 17. La Rochelle hadi Saint-Martin, kilomita 23

"Kulia, shangazi! Kaa kulia!"

Hilo ndilo nililolisikia zaidi siku ile. Ufaransa watu wanapita kulia. Akili inajua, lakini mwili uliozoea barabara ya Tanga unateleza kushoto kila unapotoka kwenye kona. Mara ya tatu nilikutana uso kwa uso na baba mmoja na watoto wawili kwenye tela nyuma ya baiskeli. Akasimama, akatabasamu, akanionyesha kwa mkono kama mtu anayemwelekeza kipofu. Tangu hapo nilifunga leso kwenye mkono wa kulia wa usukani, iwe ukumbusho. Aliyezoea barabara za Tanzania, Kenya au Uganda naye afunge kitu.

Njia inatoka mjini kupitia La Pallice, bandari ya kazi, yenye maghala ya nafaka na jengo kubwa la zege walilojenga Wajerumani kuficha nyambizi wakati wa vita. Hakuna uzuri hapo, nyonga, pita.

Kisha daraja. Lilifunguliwa 1988, lina urefu wa karibu kilomita tatu, limepinda na kuinuka katikati kama paka anayejinyoosha. Magari yanalipa kuvuka, baiskeli bure. Lakini kuna ushuru mwingine usioandikwa kwenye kibao, nao ni upepo. Ulitoka magharibi, moja kwa moja kifuani. Nilishusha gia zote saba mpaka zikaisha, nikawa nanyonga bila kusogea. Pwani ile haina milima, ina upepo, na upepo ni mlima usio na kilele. Kabla ya katikati nilishuka nikakokota. Bibi mmoja wa miaka sabini hivi alinipita kwa baiskeli ya umeme, mbwa ndani ya kikapu, akaniita kwa furaha: "Bon courage!"

"Amesema nini?"

"Ndilo 'pole na kazi' lao," akajibu binti. Hakuongeza neno kuhusu Phoenix. Amelelewa vizuri.

Ukishuka Rivedoux mambo yanabadilika. Njia inaachana na magari, inafuata ufuko, inapita magofu ya abasia ya Châteliers yaliyosimama peke yake uwandani, kuta bila paa, nikakumbuka magofu ya Tongoni kwetu. Halafu vibanda vya wafuga chaza, meza ya mbao na viti vitatu mbele ya kila kimoja. Chaza sita kwa limau na mkate, euro 9. Binti alimeza watano. Mimi nilijaribu mmoja: ni kama kumeza wimbi. Ninashukuru kwamba nimejaribu.

Tulifika La Flotte saa nane na robo mchana tukiwa na njaa ya kweli, tukakuta jikoni zote zimefungwa. Nani afunge jiko na wateja wamesimama mlangoni? Lakini ndivyo: chakula cha mchana ni kati ya saa sita na saa nane, ukichelewa subiri usiku. Tulinunua mkate mrefu wa euro 1.20, nyanya na jibini, tukala tumekaa kwenye ukingo wa gati. Kesho yake tulibeba mkate tangu asubuhi.

Saint-Martin ni mji uliozungushiwa ngome yenye umbo la nyota, iliyochorwa na Vauban, mhandisi wa mfalme Louis wa 14, na tangu 2008 imo kwenye orodha ya UNESCO. Sehemu yake moja bado ni jela. Ndiyo iliyokuwa kituo cha mwisho cha wafungwa waliosafirishwa Guyana ya Ufaransa hadi 1938, na Kapteni Dreyfus, afisa wa jeshi aliyesingiziwa usaliti, alishikiliwa hapo 1895 kabla ya kupelekwa Kisiwa cha Shetani. Watalii wanapita nje na koni za aiskrimu mkononi. Nami nilikuwa nayo, ya karameli na chumvi, euro 4.

Na chini ya ngome, punda wamevaa suruali. Sitanii. Suruali za miraba, zinafika kwenye kwato. Punda wa Poitou wana manyoya marefu kama mazulia, na zamani walipofanya kazi kwenye majaruba ya chumvi walivalishwa hivyo mbu na nzi wasiwale miguu. Siku hizi ni kwa ajili ya picha. Niliipeleka picha kwenye kundi la familia. Shemeji yangu wa Lamu akajibu kwamba amemwonyesha punda wake na sasa anagoma kazi.

Chumba cha watu wawili euro 95. Kome kwa chipsi euro 16 sahani, na mchuzi wake ndio ulioingia kwenye daftari. Uliza kama wamewapika kwa mvinyo. Mara nyingi ndivyo, na sisi walitupikia wengine kwa malai bila kunung'unika.

Jumatano, Juni 18. Saint-Martin hadi Ars, kupitia Loix, kilomita 22

Siku niliyoifuata Ufaransa bila kujua kwamba naifuata.

Baada ya La Couarde nchi inakuwa tambarare kabisa, na badala ya mashamba unaona maji yaliyogawanywa kwa matuta. Nilisimamisha baiskeli katikati ya njia. Yale ni majaruba ya chumvi. Marehemu baba alifanya kazi kwenye majaruba kaskazini ya Tanga, na kaka yangu, baba yake binti huyu, alikuwa akimsaidia kila likizo. Binti hakuwahi kuyaona. Nilianza kumweleza pale pale: maji yanaingizwa bamvua inapojaa, yanatulizwa kwenye bwawa kubwa, yanapitishwa jaruba hadi jaruba yakizidi kuwa makali, mpaka la mwisho...

"Shangazi, tairi lako."

Mwiba. Tairi la nyuma limekaa chini kama chapati. Tulikuwa na pampu ya duka lakini hatukuwa na viraka. Hilo ni kosa letu, usilirudie. Tulikokota karibu nusu saa kuelekea Loix, jua likiwa kali, mpaka tulipokuta kibanda cha mbao na mzee aliyevaa buti za mpira akipanga mifuko. Binti aliomba msaada kwa adabu zote za Kifaransa. Mzee akaitazama baiskeli, akanitazama mimi, akaingia ndani, akatoka na beseni la maji na kopo la viraka. Akazamisha tyubu, akatafuta mapovu, akakwangua, akapaka gundi, akapuliza. Fundi wa Ngamiani kwetu Tanga angefanya vile vile, hata kupuliza.

Wakati gundi ikikauka nilichukua kijiti nikamchorea kwenye tope majaruba ya baba. Hapo binti alipata kazi ya ukalimani kweli. Mzee alipiga magoti kutazama. Akanyosha kidole: maji yanaingilia hapa? Ndiyo. Na mvua ikinyesha? Nikamwambia baba alikuwa akiacha masika nzima. Akacheka, akasema yeye anavuna majira ya joto tu, na mvua ya siku moja ya Julai inaweza kumharibia wiki. Kisha akatupeleka ukingoni. Jaruba la mwisho ni la kina cha vidole viwili vitatu, sakafu yake udongo wa mfinyanzi uliosawazishwa kwa mkono. Chumvi ya mawe inakaa chini, ina rangi ya kijivu kwa sababu ya udongo, naye huivuta taratibu kwa reki ndefu ya mbao bila kuchokoa sakafu. Juu, mchana wa jua na upepo mkavu, hutanda utando mwembamba mweupe kama malai. Huo wanauita ua la chumvi, na wanauengua kabla haujazama.

Baba aliujua utando ule. Alikuwa akiutawanya kwa mkono, ulikuwa ukimchelewesha.

Nilipomwambia mzee hivyo alishika kichwa. Ua la chumvi linauzwa mara kadhaa ya bei ya chumvi ya mawe. Alikataa kabisa pesa ya pancha. Tukanunua mfuko mdogo wa ua la chumvi, euro 6, naye akatia juu yake mfuko wa kilo wa chumvi ya kijivu, akakataa kuuzungumzia.

Baadaye tukapita Martray, ambapo kisiwa kinabana mpaka hakifiki mita mia, bahari kubwa mkono mmoja na ghuba ya majaruba mkono mwingine. Usiku wa kuamkia Februari 28, 2010, dhoruba iliyoitwa Xynthia ilikutana na maji makubwa ya bamvua, bahari ikapita juu ya kingo na kuingia vijijini na majarubani. Bara, La Faute-sur-Mer, watu 29 walikufa. Sasa kingo zimeinuliwa. Ukinyonga juu yake utulivu ule unautazama kwa jicho jingine.

Ars unauona mbali kabla ya kuufikia: mnara wa kanisa lake umepakwa nyeusi na nyeupe, uwe alama kwa mabaharia. Kibanda cha kulala wawili, euro 80, usiku mbili.

Alhamisi, Juni 19. Ars, mnara wa Baleines na kurudi, kilomita 14 tu

Joto. Tuliondoka mapema na polepole. Vichochoro vya Ars ni kuta nyeupe, madirisha ya kijani, na maua marefu ya rangi zote yanayochipua penye nyufa za lami bila kupandwa na mtu.

Mnara wa taa wa Baleines uliwashwa 1854, una mita 57 na ngazi 257. Binti alizihesabu kwa sauti. Mimi nilizihesabu kwa magoti. Ncha hii ya kisiwa iliitwa hivyo kwa ajili ya nyangumi waliokuwa wakikwama ufukweni. Juu kabisa upepo ulikuwa mtamu kwa mara ya kwanza, na maji yalikuwa yanakupwa. Ndipo chini yetu ikaanza kutokea mistari ya mawe iliyojipinda kama nusu duara, inayoingia baharini. Mitego ya samaki: maji yakijaa yanafunika ukuta, yakipwa yanachuja kwenye matundu, samaki wanabaki ndani. Wando wa mawe! Kwetu ni wa fito, kwao ni wa mawe yasiyotiwa saruji, yaliyosimama kwa uzito wake tu. Zamani kisiwa kilikuwa nayo zaidi ya mia, sasa imebaki michache inayotunzwa na wenyeji. Ukitaka kuiona, tazama jedwali la maji kupwa na kujaa kabla ya kununua tiketi ya mnara. Sisi tulibahatisha.

Alasiri hatukufanya kitu. Nimeandika hivyo daftarini: "Alasiri: hakuna." Ilikuwa alasiri nzuri kuliko zote.

Ijumaa, Juni 20. Ars hadi La Rochelle kwa pwani ya kusini, kilomita 39

"Ulisema thelathini na tano."

"Shangazi, ulisema umekulia juu ya Phoenix."

Tulikuwa sawa sasa.

Soko la asubuhi Le Bois-Plage: tikiti-maji, matunda ya cheri, na viazi vya kisiwa, vidogo kama mayai ya kwale, vinavyouzwa kwa jina lao lililolindwa kisheria. Mwenye meza alinipa kimoja kilichochemshwa, kimetiwa chumvi tu. Nikanunua nusu kilo, nikajikuta nabeba viazi kwenye keria mpaka La Rochelle.

Maji yalituishia kabla ya Sainte-Marie, na hapo nimejifunza jambo ambalo waendesha baiskeli wa Ufaransa wote wanalijua: ukikosa maji, tafuta makaburi. Kila makaburi yana bomba la kumwagilia maua. Nilisita mlangoni. Mama mmoja aliyekuwa akipangusa kaburi aliona chupa zetu tupu, akatuonyesha bomba, kisha akatufuata na kopo la mafuta ya jua akitaka binti ajipake shingoni. Nilisoma Fatiha kimya kwa wafu wa watu, tukaondoka.

Darajani nilikuwa nimejiandaa kusukumwa na upepo wa magharibi. Ulikuwa umegeuka usiku. Ukatoka mashariki, kifuani tena. Safari hii sikushuka. Nilinyonga nikitazama leso yangu tu, meta kwa meta, na mahali daraja linapoanza kuteremka nilipiga kengele mpaka binti akaona haya.

Kijana wa Kingazija alipokea baiskeli, akapapasa kiraka cha mzee, akaguna kwa kuridhika. Viazi vitatu nilimwachia yeye. Gharama yote, bila ndege, kwa wawili: euro 690 na kitu. Anayeweza aende Juni au Septemba. Julai na Agosti vyumba vinapanda na njia zinajaa. Kofia ngumu sheria inawadai watoto wa chini ya miaka 12 tu, lakini ivae. Na viraka.

Tanga, Julai

Nilimpelekea kaka mifuko yote miwili. Alikuwa amekaa barazani na muhogo wa kuchoma. Nikamweleza mzee wa Loix, reki, tope, mchoro, na bei. Bei alinitaka niirudie. Akafungua mfuko mdogo, akamwaga kidogo kiganjani, akausugua kwa kidole gumba kama baba alivyokuwa akifanya, akachovya muhogo. Akatafuna muda mrefu huku nikimtazama.

"Ni chumvi," akasema. Akachovya tena.